Mpenzi, Geuza Pakiti Kwanza!

Ijumaa jioni. Umetoka kazini, umepambana na foleni mpaka basi, lakini hukumsahau mwenzi wako. Umempitishia krispi, korosho na biskuti za kutafuna mkiangalia filamu. Saa chache baadaye kajikunyata kitandani, tumbo limejaa kama ngoma, hataki hata kuguswa. Unajiuliza, "Nimemkosea nini tena?" Kumbe mkosaji ni pakiti!

Kwa mwenye IBS, yaani utumbo unaouma, kujaa gesi, kufunga choo au kuharisha mara kwa mara, hayo si maringo. Mwaka 2005 watafiti wa Australia, Peter Gibson na Sue Shepherd, walilitambulisha neno FODMAP. Ni kundi la sukari na wanga ambazo utumbo mwembamba haunyonyi vizuri. Huvuta maji, kisha bakteria wa utumbo mpana huzichachusha na kutoa gesi. Mwingine hata hashtuki. Mwenye IBS anagaagaa.

Sasa utajuaje kipi kinamfaa? Achana na sifa za mbele ya pakiti. Geuza, soma vilivyomo. Kwa kawaida kilicho kingi zaidi huandikwa mwanzo.

Vitunguu. Unga wa kitunguu maji au kitunguu saumu ndio mkorofi namba moja, na krispi nyingi za ladha ya kuku au nyama choma zinao. Chukua zenye viazi, mafuta na chumvi basi. Ukikuta neno "viungo" lisilo na maelezo, rudisha kwenye shelfu.

"Haina sukari." Angalia vizuri pipi na bigijii hizo. Nyingi zimetiwa sobitoli (E420), manitoli (E421), malitoli (E965) au zailitoli (E967). Zote ni FODMAP.

"Asilia", "nyuzinyuzi nyingi". Hapa ndipo wengi tunapoingia mkenge. Asali, juisi ya tufaha iliyokolezwa na inulini ya mizizi ya chikori vinasifiwa sana, lakini kwa tumbo hili ni balaa.

"Haina gluteni." Ngano imeondolewa, sawa. Lakini biskuti hiyohiyo inaweza kuwa na asali, inulini au unga wa maziwa. FODMAP na gluteni ni vitu viwili tofauti.

Korosho. Hata zikiwa na chumvi tupu, zenyewe zina FODMAP nyingi. Mbadala? Karanga kiganja kimoja, au bisi za chumvi. Na kiasi ni muhimu: vitafunwa vinavyofaa, vikirundikwa kwa mkao mmoja, navyo vinaweza kuleta zogo.

Ila msijitibu kienyeji. Akiona damu chooni au akipungua uzito bila sababu, ni hospitali moja kwa moja. Na kabla hajaacha ngano, aulizie kipimo cha siliaki, ugonjwa unaochochewa na gluteni, maana akishaiacha majibu yanaweza kupotosha.

Halafu hiki si kifungo cha maisha. Kipindi cha kubana ni wiki 2 hadi 6, kisha vyakula vinarudishwa kimoja kimoja, ikiwezekana kwa msaada wa mtaalamu wa lishe, ili ajue kipi hasa kinamsumbua. Pengine vitunguu vinamtesa, maziwa hayana neno.

Wewe mwenye tumbo, sema. Usile korosho kwa kuogopa kumuudhi, kisha ukanuna usiku kucha. Na wewe mnunuzi, usiseme "anajidekeza". Kusoma pakiti ni nusu dakika tu, na ukirudi nyumbani na krispi sahihi, mwenzio anajua ulimsikiliza. Hapo hata filamu mtaimaliza!