MZEE KUANGUKA SI JAMBO DOGO



Sisi wenye mashamba tukisikia fulani kaanguka, huuliza kwanza, "Mkarafuu gani?" Lakini wazee wetu wengi huanguka nyumbani: usiku wakienda chooni, au mchana wakikwaa pembe ya jamvi la karafuu. Na mfupa wa nyonga ukivunjika uzeeni, wako wasioweza tena kutembea peke yao.

Tusiseme, "Ni uzee tu." Sababu zajulikana. Miguu hupungua nguvu kwa kukaa sana. Macho huingia mtoto wa jicho. Dawa za presha na za usingizi huweza kuleta kizunguzungu mtu ainukapo ghafula. Na aliyekwisha kuanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena.

Basi twawaomba: mzee aketi kidogo kitandani kabla ya kusimama, taa iwe karibu naye, choo kisiachwe na maji sakafuni, na daktari aonyeshwe dawa zake zote, wala asiziache kwa shauri lake mwenyewe.

Wazee nao wasifiche kuanguka kwao kwa kuogopa kukatazwa shamba. Kutembea ndiko kutiako miguu nguvu. Mzee asikatazwe shamba, asindikizwe.