Ukilea peke yako na uitwe vitani, mtoto abaki na nani?

Kazi ya uanajeshi haina saa maalumu. Amri ya kuondoka yaweza kuja usiku, na aliyeamriwa ni lazima aende. Askari aliye na mume au mke humwachia mwenzake mtoto. Je, yule anayelea peke yake?

Jeshi la nchi kavu la Marekani, ambamo baadhi ya vijana kutoka Kenya wanahudumu, halingoji siku hiyo ifike. Askari anayelea mtoto peke yake hutakiwa kuandika mpango wa malezi. Humo hutaja mlezi anayeishi karibu, asiye mwanajeshi, aliye tayari kumchukua mtoto wakati wowote, na mwingine wa kukaa naye iwapo safari itakuwa ndefu. Huambatanisha hati ya kumruhusu mlezi kumpeleka mtoto hospitalini, pamoja na mpango wa pesa za matumizi. Anayeshindwa kutimiza haya anaweza kuachishwa kazi. Isitoshe, tangu 2022 mama aliyejifungua huruhusiwa kukaa mwaka mmoja kabla ya kupelekwa ng'ambo kikazi.

Mpango kama huu hulinda afya. Mtoto mdogo akitengwa ghafla na mtu aliyemzoea anaweza kukataa chakula, kuamka akilia, au kuanza tena kukojoa kitandani. Aliye shuleni huenda akawa mkali au akazorota masomoni. Huo si utundu; ni dalili ya wasiwasi.

Iwapo wewe ni askari, polisi au mfanyakazi yeyote anayeweza kuhamishwa ghafla, zingatia haya:

• Mzoeshe mtoto kwa mlezi mapema. Alale huko siku chache ungali karibu.

• Mwachie mlezi kitabu cha kliniki, tarehe za chanjo zilizobaki na majina ya dawa anazotumia mtoto.

• Usiondoke kisirisiri mtoto akiwa amelala. Muage, umweleze kwa maneno machache unakokwenda.

• Usiahidi siku ya kurudi usiyo na hakika nayo.

• Saa za kula na kulala zisibadilike.

Ukirejea, usishangae mtoto akikukwepa au akimkimbilia mlezi. Usimlazimishe, mpe muda akuzoee tena. Dalili zikiendelea kwa majuma kadhaa, mpeleke kwa daktari.

Kumbuka, mlezi hatafutwi siku ya safari.