Tupa Moja Hulinda Mnyororo na Mguu

Kijana mmoja aliletwa kwangu hapa Mkiwa juu ya baiskeli. Paja lake lilifungwa kwa shati lililolowa damu. Alikuwa akikata gogo kwa msumeno wa injini, ule wenye mnyororo. Nikamwuliza, "Mnyororo ulikuwa mkali?" Akajibu, "Ulikuwa butu, Daktari. Nilikuwa nangoja fedha za kununua mwingine." (Mimi ni mganga msaidizi tu, lakini kijijini kila mwenye koti jeupe huitwa daktari.)

Mnyororo ule haukutaka kutupwa. Ulitaka tupa. Mnyororo mmoja hunolewa mara nyingi kabla haujaisha.

Utajuaje kuwa umekuwa butu? Tazama kinachotoka kwenye gogo. Mnyororo mkali hutoa vipande vidogo vya mti. Mnyororo butu hutoa unga laini, na wewe unalazimika kuukandamiza. Petroli inakwisha bure, mikono inachoka, na mtu aliyechoka huteleza.

Kunoa ni hivi. Zima injini. Vaa glavu. Tumia tupa ya mviringo inayoenea kwenye jino. Ukienda dukani chukua mnyororo wenyewe umwonyeshe muuzaji. Sukuma tupa kutoka ndani ya jino kwenda nje. Inua unaporudi. Anza na jino lililo fupi kuliko yote, kisha mengine yote yalingane nalo. Meno ya upande mmoja yakizidi, msumeno hukata kwa kupinda.

Mbele ya kila jino pana kinundu cha chuma. Usikipige tupa ovyo. Kikishuka mno, jino huuma mti kwa nguvu, na msumeno unaweza kumrukia aliyeushika.

Adui mkubwa wa mnyororo ni udongo. Ukigusa ardhi mara moja tu, meno hufa. Huku kwetu mchwa hupaka udongo juu ya magome. Ukwangue kwa panga kwanza. Gogo nalo liegemezwe juu ya vigogo vidogo, lisilale chini.

Wengine hutia oili chafu ya gari wakidhani wanaokoa fedha. Oili hiyo ina chembe za chuma zinazokula mnyororo. Tena ina sumu. Ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi inaweza kuleta saratani. Tia oili safi, kwa sababu mnyororo mkavu hupata moto, hulegea na hata kukatika. Kaza mnyororo ukiwa umepoa: usining'inie chini, lakini uzunguke ukiuvuta kwa mkono wenye glavu.

Jino likibakia milimita 4 hivi, au pingili ikipasuka, hapo nunua mpya. Pingili iliyopasuka haiungwi kwa waya. Nimeona watu wakifanya hivyo!

Mtu akikatwa, mlaze. Bonyeza kidonda kwa kitambaa safi, usiachie. Damu ikilowesha kitambaa, ongeza kingine juu yake na uzidi kubonyeza. Usitie mafuta ya taa, majani wala udongo. Mlete zahanati upesi, hata kama damu imekoma, maana pepopunda huingia kwa kidonda. Tutakuuliza lini ulichomwa sindano ya pepopunda mara ya mwisho. Kama hukumbuki, sema hukumbuki, tutakuchoma.