Safu ya Pili ya Andalio la Somo

Chukua andalio la somo la mwanachuo yeyote aliye kwenye mazoezi ya kufundisha, ulisome bila haraka. Juu utakuta tarehe, darasa, mkondo, idadi ya wanafunzi walioandikishwa na waliohudhuria. Chini yake mada, mada ndogo, malengo, zana na rejea. Kisha linakuja jedwali la hatua: utangulizi dakika 5, maarifa mapya 15, kuimarisha maarifa 10, tafakuri 5, hitimisho 5. Jumla dakika 40, hakuna hata moja iliyopotea. Mwandiko umetulia, mistari imepigwa kwa rula. Safu ya vitendo vya mwalimu imejaa: atauliza, ataeleza, ataonyesha, ataongoza. Hamia sasa safu ya pili, ya vitendo vya wanafunzi. Mara nyingi utakuta maneno manne tu yanayopokezana: watasikiliza, wataangalia, watajibu, wataandika.

Wakufunzi tunaokaa nyuma ya madarasa na fomu za tathmini mapajani huanza kusoma na safu hiyo ya pili. Mwanachuo aliyeandika humo kwamba wanafunzi watasikiliza, amekwisha kutuambia kipindi chake kitakwendaje.

Si uvivu. Mwaka 1975 mtaalamu wa Marekani, Dan Lortie, alieleza kwamba anayeingia kwenye ualimu hatoki patupu: amekaa darasani miaka kumi na zaidi akiwatazama walimu wake. Tatizo ni pale alipokaa. Kwenye dawati unamwona mwalimu akizungumza, akiandika ubaoni, akisahihisha. Humwoni usiku akijiuliza ni wapi watoto watakwama. Kwa hiyo mwanachuo anapoandaa somo, huandaa kile alichokiona, yaani mwalimu. Wanafunzi hubaki kuwa watazamaji, kama alivyokuwa yeye.

Hatua zenyewe hazina kosa. Wazo la kuligawa somo kwa hatua lina umri mrefu. Wafuasi wa Mjerumani Johann Friedrich Herbart walikwisha kulipanga kwa hatua tano katika karne ya 19. Malengo nayo yana kanuni zake. Tangu Benjamin Bloom na wenzake walipotoa mpangilio wao wa malengo ya elimu mwaka 1956, vyuo vingi duniani hufundisha kwamba lengo liandikwe kwa kitendo kinachopimika. Ndiyo maana mkufunzi hulikata kwa kalamu nyekundu lengo linalosema “mwanafunzi aweze kuelewa sehemu”. Aeleweje, na tutajuaje? “Aweze kujumlisha sehemu zenye asili tofauti” linapimika. Lakini hata lengo zuri halimwambii mwalimu mtoto atafikiri nini atakapokutana na 1/2 + 1/3.

Hapo ndipo penye kazi. Mwanachuo wa hisabati anaijua njia: tafuta kigawe kidogo cha shirika, KDS ya 2 na 3 ni 6, badilisha, jumlisha, jibu 5/6. Anaifafanua ubaoni vizuri, anatoa mfano wa pili, anauliza kama wameelewa. Darasa zima linaitikia kwamba limeelewa. Anatoa zoezi, anapita kati ya madawati, na kwenye daftari baada ya daftari anakuta 2/5. Watoto wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Anarudi ubaoni, anaeleza upya maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Kengele inalia.

Mwalimu aliyekaa kazini anaijua 2/5 kabla hajaingia darasani. Anajua pia kwamba wapo watakaoamini 1/4 ni kubwa kuliko 1/3 kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 3. Mwaka 1986 Lee Shulman aliliita jambo hili maarifa ya kufundishia somo, akayatofautisha na maarifa ya somo lenyewe. Kujua hisabati ni jambo moja. Kujua hisabati inavyomchanganya mtoto wa Darasa la Tano ni jambo jingine, na shahada haimpi mtu hilo moja kwa moja.

Sasa irudie safu ya pili ukiwa na 2/5 mkononi. Mwanafunzi atakunja karatasi ipate sehemu mbili sawa, apake rangi nusu moja. Karatasi nyingine ya ukubwa ule ule ataikunja ipate sehemu tatu sawa, apake theluthi moja. Ataandika ubashiri: zikiwekwa pamoja, zitapita nusu au zitapungua? Kila mtoto atasema zitapita. Hapo mwalimu anaandika ubaoni jibu lililozoeleka, 2/5, na kuuliza: mbili ya tano ni zaidi ya nusu au pungufu? Ni pungufu. Tumeiongezea nusu kitu, ikapungua? Darasa linachangamka, na KDS inapoletwa inakuja kujibu swali ambalo watoto wenyewe wanalo. Vifaa vilivyotumika ni karatasi za daftari kuukuu na penseli za rangi chache za kuazimana.

Andalio la namna hiyo huwa na maneno machache kwenye safu ya mwalimu. Baadhi ya wakaguzi hawalipendi. Mimi hulipa alama.

Muda nao huwatesa wageni wa kazi hii. Dakika 15 za maarifa mapya huisha katika utangulizi, kwa kuwa mwanachuo ameita wanafunzi wengi mno kujibu swali jepesi la kipindi kilichopita. Au kinyume chake, anamaliza yote kengele ikiwa bado mbali, anabaki kuokota maswali. Ushauri wangu ni kuamua mapema kitu kimoja ambacho kipindi hakiwezi kuisha bila kufanyika, kwa kawaida ni zoezi, na kukilinda. Mengine yakatwe.

Halafu kuna kiitikio. “Asili tofauti tunatafuta nini? Tunatafuta ke...” Darasa linaitikia: “...DS!” Au lile swali la “Tumeelewana?” linalojibiwa kwa ndiyo ndefu hata na aliyekuwa anasinzia. Kiitikio kinaamsha darasa, na katika chumba chenye watoto wengi kuliko madawati sitamlaumu mwalimu anayekitumia. Ila kisihesabiwe kuwa upimaji. Mtafiti Mary Budd Rowe aliwasikiliza walimu wa sayansi Marekani, akakuta kwamba baada ya kuuliza swali walisubiri kama sekunde moja tu kabla ya kumtaja mwingine au kujijibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka na wanafunzi zaidi walijitokeza. Sekunde tatu za ukimya kwa mwanachuo anayetazamwa ni ndefu sana. Azihesabu moyoni.

Kutazamwa kwenyewe huharibu mengi. Kila chuo kina hadithi ya mwanachuo aliyelifundisha somo lile lile jana yake, au aliyewapanga watoto: anayejua anyooshe mkono wa kulia, asiyejua wa kushoto, ili mikono yote iwe juu mkufunzi akiwa nyuma. Tunacheka, lakini ujanja huo tunauzaa sisi, kwa fomu zinazotoa alama nyingi kwa mavazi, sauti na ubao, na chache kwa yaliyomo kwenye daftari za watoto.

Chini kabisa ya andalio kuna nafasi ya tathmini na maoni. Humo huandikwa “somo limeeleweka na wengi, wasioelewa watasaidiwa”, siku zote, wakati mwingine kabla ya kipindi kuanza. Sentensi moja ya kweli ingetosha: “Kumi na wawili wameandika 2/5, kesho naanza na karatasi.” Sentensi hiyo ndiyo andalio la kesho.

Kwenu walimu wenyeji katika shule zinazopokea wanachuo: tunajua mna vipindi vingi na madarasa mazito, na mgeni anapofika ni rahisi kumkabidhi chaki na vipindi vyote mkapumua. Pumueni, mnastahili. Lakini angalau kipindi kimoja kwa wiki kaeni nyuma ya darasa lake, na kabla hajaingia mwambieni wanafunzi wenu hukosea wapi katika mada hiyo. Mkufunzi wa chuo huja mara chache na kuondoka. Nyinyi ndio mnaowajua watoto hao.