Maji ya Karibu na Mgodi wa Makaa

Ndugu mfugaji, hapa Buzebazeba hatuna mgodi wa makaa ya mawe. Ila anayehamisha ng'ombe kwenda kusini, hadi Songwe kwenye mgodi wa Kiwira, ajue haya. Mgodi wa chini ya ardhi huvuta maji kwa pampu ili mahandaki yasijae, na visima vya jirani vinaweza kukauka. Ukiachwa, maji hurudi, lakini salfa iliyomo kwenye makaa ikishapata hewa huyafanya makali kama ndimu. Salfeti nyingi huharisha mifugo. Mimi maji meupe mno huyaogopa: tazama mawe ya kijito. Yakiwa na tope la rangi ya kutu, usinyweshe, kuchemsha hakusaidii. Nywesha juu ya mgodi, umwambie ofisa mifugo wa kata maji yapimwe.