Bunduki ya komeo: risasi iliyosahaulika chemba

Wazee wa Kabiria, hapa Dagoretti, waliokuwa vijana enzi za askari wa utawala kulinda kambi za machifu wanaijua Mark 4. Ni bunduki ndefu yenye mti mwingi, nzito begani, na kila risasi yake ilitaka mkono uinue komeo, ulivute nyuma, ulisukume mbele kisha ulilaze. Inatoka katika ukoo wa Lee-Enfield ya Waingereza, ile ya .303 inayobeba risasi kumi, iliyokuwa mikononi mwa jeshi la kikoloni la King's African Rifles. Leo askari utakayepishana naye hapa jirani Satellite amebeba G3 au AK. Lakini bunduki za komeo hazijaisha Kenya. Walenga shabaha wenye leseni wanazo, polisi wa akiba wamezitumia kaskazini kwa miaka mingi, na, tusidanganyane, kuna nyumba ambamo mzee alifariki na ya kwake ikabaki juu ya kabati.

Sifa yake kubwa ni kwamba haijifanyii kazi. Bunduki nyingi za kisasa hutumia gesi au mshindo wa risasi kutema ganda na kuingiza risasi nyingine. Hii husubiri mkono. Ukilaza komeo, meno yake hushika ndani ya mwili wa bunduki na kufunga chemba kwa nyuma, na ni meno hayo yanayozuia nguvu yote ya mlipuko isikurudie usoni. Kwenye Mauser ya 1898, mama wa bunduki nyingi za uwindaji zilizozunguka Afrika Mashariki, meno makuu mawili yako mbele karibu na chemba, na la tatu liko nyuma kama akiba. Kwenye Lee-Enfield meno yako nyuma, na ndiyo sababu moja komeo lake huenda haraka.

Kwa hiyo komeo si kipuri cha kuazimana. Tazama nyuma ya mkono wa komeo la Lee-Enfield, utaona namba imegongwa pale. Inapaswa kuwa sawa na ile iliyo kwenye mwili wa bunduki, kwa sababu kila komeo lililinganishwa na bunduki yake kiwandani. Zikitofautiana, usifyatue hata risasi moja mpaka fundi wa silaha apime kwa vipimo vyake ile nafasi ndogo kati ya komeo na kitako cha risasi. Nafasi hiyo ikizidi, ganda hupasuka na gesi hutafuta njia ya kutokea, na mara nyingi njia yenyewe ni jicho la mpigaji. Wapiganaji wa Mau Mau walilijua hili kwa machungu. Bunduki zao za kujitengenezea zilikuwa za bomba la maji, komeo la mlango na mpira wa kuvuta, na baadhi zililipukia mikononi mwa wenyewe.

Ajali nyingi, hata hivyo, hazina uhusiano na chuma kibovu. Zinatokana na risasi moja iliyosahaulika chemba. Mtu anachomoa magazini, anaiweka mezani, anasema bunduki ni tupu. Si tupu. Magazini ni ghala tu, na risasi iliyokwisha kuingia chemba haitoki nayo. Mwingine hufanya kinyume: anavuta komeo, risasi ya chemba inaruka nje, anaridhika, kisha analisukuma komeo mbele huku magazini bado ina risasi. Hapo ameikoki upya kwa mkono wake mwenyewe.

Mpangilio sahihi ni huu. Mtutu uelekee mahali salama na kidole kikae nje ya triga. Magazini itoke kwanza, ndipo komeo livutwe hadi mwisho na risasi ya chemba itolewe. Kisha tazama ndani ya chemba, na usiishie kutazama: ingiza kidole kidogo uguse, kwa maana gizani na kwa macho yaliyochoka ganda la shaba huonekana kama chuma kingine chochote. Anayekupokea bunduki arudie yote mbele yako, na usimwone mwenye dharau. Kizuizi cha usalama cha bunduki kisikupe usingizi. Ni kipande cha chuma kinacholika kama vingine, na kwenye bunduki yenye umri wa miaka themanini kinaweza kuwa pambo tu.

Mahali salama ni wapi, kwa mtu wa Kabiria? Swali hili ni gumu kuliko linavyoonekana. Risasi ya .303 ya kijeshi hutoka mtutuni kwa mwendo wa takriban mita 740 kwa sekunde, na ikipigwa kwa pembe ya juu huweza kwenda kilomita tatu hivi. Ukiipiga angani hapa, inaweza kumwangukia mtu Kawangware ambaye hakusikia hata mlio. Mabati na mbao haviizuii, na ukuta wa matofali usiuamini. Mlenga shabaha ana uwanja wenye tuta nene la udongo nyuma ya shabaha. Ploti ya vyumba kumi haina tuta. Ndiyo maana bunduki mjini haijazwi nyumbani, hata kwa kujaribu tu kama komeo linateleza vizuri.

Uwanjani nako, ukivuta triga na kukawa kimya, usikimbilie kufungua. Baruti huweza kuchelewa kuwaka. Shikilia mtutu kwenye shabaha nusu dakika, kisha fungua uso ukiwa kando. Ukisikia mlio mdogo, dhaifu, hatari ni kubwa zaidi: risasi huenda imekwama ndani ya mtutu, na inayofuata itaupasua. Toa komeo, chungulia mtutu kuanzia nyuma. Fanya hivyo pia kwa bunduki iliyokaa muda mrefu, kwa kuwa nyigu wa udongo hawabagui tundu la kujengea.

Tuje kwenye usafi, ambako watu huharibu bunduki kwa nia njema. Risasi nyingi za zamani za .303 zina fataki iliyotengenezwa kwa potasiamu klorati. Ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi hunywa unyevu. Katika baridi na manyunyu ya Julai upande huu wa Dagoretti, kutu huanza mapema sana. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ndiyo huyeyusha. Jeshi la Uingereza liliwapa askari wake faneli maalumu ya kumimina maji yaliyochemka kupitia mtutu. Birika la nyumbani linatosha, mradi komeo limetolewa na risasi zote ziko chumba kingine. Mtutu ukiwa wa moto hujikausha haraka. Pitisha vitambaa vikavu, halafu kimoja chenye mafuta kidogo. Kamba ya kuvutia kitambaa, ambayo kwenye Lee-Enfield hukaa ndani ya tako pamoja na chupa ndogo ya mafuta, hupitishwa kutoka chemba kwenda mdomoni, ikivutwa moja kwa moja bila kukwaruza ukingo. Kagua nyuzi zake kwanza: ikikatikia ndani, kazi ya kuitoa ni ya fundi.

Oili chafu ya gereji usiipake. Ina asidi na chembe za chuma. Mafuta ya kupikia huganda na kulifanya komeo kuwa zito. Na kabla ya kufyatua, kausha mafuta ya chemba, kwa sababu ganda linaloteleza hulisukuma komeo kwa nguvu kuliko lilivyokusudiwa. Mkoba wa ngozi au turubai ni wa kusafiria. Kuhifadhia humo ni kukaribisha unyevu. Sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, risasi zikiwa na kufuli lao mbali, ndiyo makazi yake.

Sheria nayo ina lake: uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na cheti cha kumiliki silaha chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ni cha mtu aliyeandikwa jina, si cha familia. Kwa hiyo ukiikuta bunduki ya marehemu juu ya kabati, usilifungue komeo kuona kama ina risasi, na usiifunge kwenye shuka ukapanda nayo matatu kwenda kituoni. Iache ilipo, funga mlango, watoto wakae mbali, upige 999 au 112. Polisi waje kuichukua wenyewe.