Kifua cha askari wa Kamina nani anakipima?

Mambo mawili ya mwaka 2009 hayanitoki kichwani. Bunge la Marekani lilitenga dola milioni 20 za utafiti wa saratani ya mapafu, zipitie Wizara ya Ulinzi, na mpango huo ulikuwa na fungu la watafiti wanaoanza kazi. Sharti lake: waonyeshe utafiti utawafaa nini askari, wastaafu na familia zao. Mwaka huohuo, Profesa Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzake walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa kusini mwa Katanga.

Mkojo huo ndio ulioninasa. Watoto kwa wazee walitoa sampuli, wengi wakiwa majirani wa migodi na viwanda vya kuyeyusha madini. Vichupa vikapelekwa Ubelgiji, kwenye mashine inayosaka metali 17. Majibu ya Banza hayakupindapinda: karibu na migodi, arseniki, kadimi, risasi na urani vilizidi, na kobalti ilifika kiwango ambacho hakijawahi kuripotiwa kwa raia wa kawaida popote duniani. Hakuishia hapo. Mwaka 2018 yeye na wenzake walitoa matokeo ya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao. Walipima wakazi 72, watoto wakiwa 32. Watoto wale walikuwa na kobalti kwenye mkojo mara kumi ya wenzao wa mtaa jirani, na vinasaba vyao vilionyesha madhara. Mwaka 2022 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka kobalti kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani.

Sasa njoo hapa Kamina. Tuko mbali na Kolwezi, lakini askari hakai alikozaliwa, hutumwa. Kambi yetu ya jeshi, Baka, ilijengwa na Wabelgiji, na Novemba 1964 ndege za makomando wa Kibelgiji waliokwenda kuokoa mateka Stanleyville, Kisangani ya leo, zilitua hapa. Ni vizazi vya askari waliovuta vumbi la barabara, sigara na moshi wa dizeli, ambao tangu 2012 unajulikana rasmi kuwa chanzo cha saratani ya mapafu. Mzee mstaafu akikohoa miezi, fikra ya kwanza ni kifua kikuu. Na kama sicho? Nani ameandika alitumwa wapi, alilinda mgodi gani, kwa miaka mingapi?

Banza ametuonyesha kwamba mtafiti wa hapahapa, akipata vichupa, wenzake na mashine, huwafanya watu waliosahaulika wahesabiwe. Vijana wa udaktari tunao, Lubumbashi na hata Kamina. Wanachokosa ni mshahara wa kufanya utafiti.

Sheria ya madini ya Kongo ya 2018 inapeleka asilimia 10 ya mrabaha kwenye mfuko wa vizazi vijavyo. Waheshimiwa wabunge wa jimbo letu la Haut-Lomami, ombeni fungu humo, dogo tu, kwa mfano wa lile la Marekani, la madaktari vijana watakaopima vifua vya askari wastaafu na wachimbaji, na waanzie Kamina.